Springi za Harerimana

Marcel Ntirampeba alikuwa fundi makanika wa aina ile ambayo wateja huipenda na kuichoka kwa wakati mmoja. Hakukubali gari liondoke kwake likiwa na mlio, hata wa bawaba ya mlango. Ufundi alijifunza Bujumbura, na mwaka wa 1972, damu ilipomwagika kwao, alivuka mpaka na mfuko wa spana mgongoni. Nguo hakubeba. Winifrida, mwanamke wa Kiha kutoka Rungwe Mpya ambaye Marcel alikuja kumwoa, alipenda kuwaambia watu kwamba yeye aliolewa na spana, Marcel akaja kama nyongeza.

Miaka minne baadaye alikuwa na banda la mabati mjini Kasulu, mke, kishamba cha maharage, na kibali cha kuishi mjini. Kibali ndicho kilichoshikilia hayo mengine yote. Wakimbizi wenzake wengi walikuwa wameshapakiwa kwenye malori na kupelekwa kwenye makazi mapya, mbali huko kusini, msituni. Waliobaki ni wale ambao ofisa aliandika kuwa mji unawahitaji. Fundi alihitajika. Harerimana, muuza vipuri aliyevuka mpaka wiki moja na Marcel, naye alihitajika, ingawa si sana.

Ofisa huyo aliitwa Abdulrahmani, mtu wa Tanga, mzito wa mwili na mpole wa sauti. Hakupenda vumbi la Kasulu wala matope yake, kwa hiyo mwaka mzima hakuwa na msimu wa kufurahia. Gari la ofisi alipenda kuliendesha mwenyewe. Safari za Kumsenga na Murungu zilikuwa zimechosha springi zake za mbele hadi likainama, na springi halisi zilizoagizwa Dar es Salaam zilikuwa zikisubiriwa tangu mwaka uliopita. Ndipo Harerimana akatokea na jozi mpya, bado zina grisi. Hazikuwa za kiwanda kilichounda gari, ila zilifanana nazo: za kuviringwa, zile ambazo shokamzoba hupita katikati. Moja ilikuwa na herufi G ya rangi nyeupe, nyingine D. Marcel alitabasamu kuziona, maana ilikuwa muda mrefu hajasoma Kifaransa. G ni gauche, kushoto; D ni droite, kulia. Akazifunga hivyo hivyo.

Gari likaondoka limesimama vizuri. Siku ya tatu likarudi.

"Linagonga," Abdulrahmani alisema. "Ngo, ngo, chini ya miguu yangu. Kila shimo."

Marcel akaliinua kwa jeki, akakaza kila nati aliyoifikia. Akaliendesha mpaka nje ya mji na kurudi, masikio yamemsimama. Kimya. Akamrudishia mwenyewe, naye baada ya siku mbili akalileta tena, safari hii bila kutabasamu. Marcel akabadilisha bushi, akafungua shokamzoba moja baada ya nyingine, akazipima kwa mikono. Nzima. Chini upande wa kulia aliiona ile raba inayozuia chuma kisigonge chesisi, imechubuka. Akaweka nyingine na kushukuru Mungu kwamba ameupata ugonjwa. Akaendesha tena. Kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Kesho yake lilirudi, na raba mpya imechubuka vilevile.

"Ndugu Ntirampeba," ofisa alisema taratibu, na upole wake ndio uliotisha, "nikiendesha mimi linagonga, ukiendesha wewe halina kitu. Mmoja wetu anasema uongo. Ni kazi yako mbaya, au ni springi?"

Kibali kilikuwa mfukoni mwa shati, kimekunjwa mara nne. Marcel alikisikia pale kifuani. Wala hakufikiri.

"Ni springi, Ndugu. Ni mbovu."

Siku zote nimesema fundi hapaswi kujibu kabla ya kufungua. Marcel mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Lakini woga ukikushika, unajibu kwanza na kufungua baadaye.

Jumatatu orodha ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Watu kumi na wanane wangeondoka Jumamosi kwa lori kwenda makazini. Jina la kumi na moja lilikuwa la Harerimana. Mchana wake Harerimana akaja bandani, uso umemshuka, akamsalimu kirafiki kwa Kirundi.

"Amahoro, sha. Wanasema nimeiuzia ofisi springi mbovu, kwa hiyo mji haunihitaji tena. Nani amewaambia sijui. Wewe ndiye uliyezifunga. Zitazame tena, ndugu yangu. Ukiwaambia wewe, watakusikia."

Marcel alisema atazitazama. Alipobaki peke yake alikaa juu ya tairi kuukuu na kujichukia waziwazi, kama mtu anavyomchukia jirani mwizi.

Gari likaachwa kwake mpaka wiki iishe. Alilifungua Jumanne, akalifungua Jumatano. Aliomba, Mungu amsamehe, kwamba springi ziwe mbovu kweli, ili alichosema kiwe kweli. Hazikuwa na ufa, hazikuwa zimepinda. Zilikuwa springi nzuri kuliko alizowahi kushika Kasulu.

Alhamisi mchana ndipo alipojiuliza swali ambalo lingemfaa tangu mwanzo. Abdulrahmani ana nini ambacho mimi sina? Akajitazama tumbo, akaona jibu. Uzito. Akamwita Winifrida kutoka shambani, akamtaka apakate gunia la maharage akae kwenye kiti cha dereva, yeye atikise gari kwa nje huku akisikiliza. Akamfungulia mlango.

Winifrida alisimama na gunia lake, hakupanda.

"We Marcel. Dereva wa wapi anakaa huku?"

Alikuwa amemfungulia mlango wa kushoto. Ilikuwa kawaida yake. Mji mzima ulikuwa ukimcheka kwa hilo, kwamba miaka minne sasa fundi bado anatafuta usukani mahali ambapo haupo. Kwao Burundi dereva hukaa kushoto. Safari hii Marcel hakucheka. Akaufunga mlango ule.

"Zunguka," akasema. "Kaa kule."

Winifrida akazunguka, akapanda kulia, akapakata gunia. Marcel akalikandamiza gari upande ule kwa nguvu zake zote. Ngo.

Akaingia chini. Springi ya kulia ilikuwa imejibana, chuma kimefika kwenye raba. Ya kushoto ilikuwa na nafasi ya ngumi nzima. Jozi ile ilitengenezewa gari la usukani wa kushoto, na yenye nguvu zaidi iliwekewa dereva, maana dereva ndiye asiyekosekana garini. Ilikuwa G. Hapa Tanzania, usukani ukiwa kulia, ilipaswa kukaa kulia. Springi hazikuwa na kosa, wala aliyeziuza. Mikono ya Marcel ilikuwa imezifunga kwa ajili ya gari la Bujumbura.

Akazibadilisha pande kabla ya Ijumaa saa sita. Akamweka tena Winifrida na gunia, akakandamiza mpaka jasho likamtoka. Kimya. Alipaswa kufurahi. Badala yake alinawa grisi mikononi, akashika njia ya ofisini.

Abdulrahmani alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Kwa hiyo Harerimana hana kosa."

"Hana. Niliogopa, Ndugu. Nikamsingizia."

Ofisa alivuta nakala ya orodha mezani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoumiza. "Nimeshapeleka idadi mkoani," akasema. "Watu kumi na wanane. Nikifuta jina, lazima niandike jingine, na sitakwenda kumtafuta mtu asiye na hatia mitaani." Akakata mstari kwenye namba kumi na moja. Kisha akaigeuza karatasi na kumsogezea kalamu.

Marcel aliandika jina lake polepole, kwa hati nzuri ya shule.

Winifrida aliposikia alitupa chini ungo wa maharage. "Umemrudishia Harerimana nyumba yake, ukabomoa yangu! Mama yangu nimwachie nani?" Alilia mpaka akanyamaza, halafu akaanza kumfungia chakula cha njiani. Hakumwambia kama atamfuata. Marcel hakuthubutu kuuliza.

Jumamosi asubuhi lori lilisimama mbele ya ofisi likiunguruma. Harerimana alikuja mbio, shati halijafungwa vifungo, akamshika Marcel mkono pale alipokaa juu, ubavuni mwa lori.

"Jina langu limefutwa, nakuta lako! Nani amekufanyia hivi?"

"Mimi."

"Sielewi, sha. Kwani springi zilikuwa na nini?"

"Hazikuwa na kitu," Marcel alisema. "Mimi ndiye niliyesema ni mbovu."

Lori likatia gia. Harerimana alitembea nalo hatua chache, bado ameushika ule mkono, kisha maneno yakamwingia, akauachia.