Alama za Plasta Kiunoni mwa Bwana Yangu

Baba yangu alisimama inje ya nyumba yetu ya Ruashi, hakuingia. "Bwana yako amekataa kupimwa," akasema. "Batamufukuza."

Baba alikuwa karani wa garage ya kamyo, malori ya mgodi, bwana yangu shofere palepale. Kukataa kwake nilikuelewa mara moja. Inginia mmoja wa mgodi alitaka mashofere wavue, wabaki na kaputula, na karani awabandike vipande vya plasta begani, kiunoni, gotini, kisha wapigwe picha. Sasa bukwe, baba mkwe, atamshikaje mkwewe kiuno? Kwetu bwana yangu hata kula mbele ya baba hawezi.

Lakini kilichonichoma ni huko kupima kwenyewe. Tangu lini wakubwa wa mgodi wanaulizia mgongo wa mtu? Wanatafuta waliopinda wawatupe, nilijiambia. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikamfuata baba hadi garage.

Inginia, kijana mwenye abacost safi, lile koti lisilovaliwa na tai, alinionyesha mtu wa katoni mezani, viungo vyake vikigeuka kwenye vijisumari. "Citoyenne, mama, huyu njo shofere wetu. Tukijua namna bantu banaikalaka, tutachora kiti ya kamyo mupya."

"Na mwenye mulimupima kwanza iko wapi? Mulishamufukuza?"

Mafundi wakacheka. "Mama, uyu wa katoni iko muzuri, haombake hata congé, hata siku moja ya kupumzika!"

Mimi sikucheka. Nikamwonyesha bwana yangu, aliyesimama pembeni na shati lake mwilini. "Leta hizo plasta. Niko bibi yake, nitamubandika mimi. Baba, toka inje."

Baba alitoka mbio. Nikambandika bwana yangu, naye akaketi kwenye kiti cha mbao mbele ya usukani, amenyooka kama askari.

"Ikala vile unaendeshaka," inginia alisema.

"Njo hivi," bwana yangu akajibu.

Nikamnong'oneza, "Usijilegeze." Lakini inginia hakuwa na haraka. Alifuta kioo cha kamera, akafuta tena, akimtazama. Polepole mgongo ukalegea, bega la kushoto likashuka, shingo ikatoka mbele. Mwanaume wa miaka thelathini, ameketi kama babu yake.

"Voilà! Usitikisike!"

Nikaruka katikati. "Sura yake hapana!"

"Citoyenne, kiti njo mubaya, hapana yeye."

"Mukubwa wako anajua ile ya kiti?"

Akainamia kamera yake. Basi nikafungua kitambaa changu cha kichwa, nikakishika mbele ya uso wa bwana yangu. "Munataka mugongo? Kamateni mugongo."

"We bibi, sionake kitu!" bwana yangu akalalamika chini ya kitambaa.

"Nyamaza, batajua sauti yako."

Inginia akapumua, akapiga picha.