Pedi Mpya za Penitito

Shemeji yangu Penitito ni hodari wa kuanza. Banda lake la nguruwe lina kuta tatu, na ya nne ni mbwa. Dada yangu Fuatino, mkewe, husema hata sala zake hazifiki amina. Lakini wiki ile alitaka kitu kimoja kwa moyo wote: jina la Toalima, lililokaa bila mwenyewe tangu mjomba wake alipofariki. Anayepewa jina hilo ndiye kichwa cha ukoo na huketi na wakuu wa kijiji. Mpinzani wake alikuwa binamu yake Iosua, aliyevuka kwa feri kutoka mji wa Apia na tai shingoni. Ukoo ungekutana Jumamosi.

Mzee Lautua, msemaji wa ukoo, alimpenda Penitito, ila pikapu yake ilipiga yowe kila ilipofunga breki. Mzee alimwambia wazi kwamba Toalima hawezi kufika mahali akitanguliwa na sauti ya nguruwe anayechinjwa. Basi Penitito akanunua pedi mpya za breki.

Mwenye duka alimweleza taratibu: ang'oe kutu kwa brashi ya waya, asafishe diski kwa dawa yake, apake grisi ya breki kwenye pini, na kidogo pale ncha za pedi zinapoteleza. Uso wa pedi usiguswe na mafuta kabisa. Shemeji aliitikia kila neno. Kufika nyumbani, kutu akaisamehe. Grisi hakuinunua, maana sisi tuna mafuta ya nazi: ya nywele, ya kuchulia mgongo, ya mtoto, ya maiti. Akachukua chupa ya Fuatino, ile yenye maua ya mosooi ya kunukia, akapaka pini. Akaona haitoshi, akapaka na pedi zenyewe.

"Shemeji, mimi si fundi," nikamwambia, "lakini hizo si ndizo za kushika?"

"Kinacholia kimekosa mafuta," akanijibu. "Wewe kasuke mikeka."

Na kweli, ikanyamaza. Ijumaa jioni tulikwenda kumchukua Mzee Lautua kijiji cha jirani, mimi nikiwa nyuma na magimbi, dirisha la kati likiwa wazi. Njia ya kule ni tambarare, na gari lilipochelewa kidogo kusimama mlangoni kwa mzee, Penitito alisema huo ndio ulaini wa vitu vipya. Kurudi, tulikuwa tunateremka kuingia kijijini kwetu, baragumu likalia. Saa ya sala ikishaingia hapiti mtu. Wanaume husimama kando ya barabara kulinda hilo, na gari hukaa pale lilipo. Penitito akakanyaga breki. Tukaendelea.

Tuliwapita wale wanaume kimya kimya, tukinukia. Kila nyumba ilikuwa ikiimba. Mzee, ambaye hapazi sauti saa ya sala hata akiungua, alinong'ona, "Simama, mwanangu."

"Mimi nimesimama, baba," Penitito akanong'ona. "Gari ndilo halijasimama."

Lilisimama juu ya maua ya mchungaji. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, kisha nikamwona shemeji kwenye kioo, machozi yanamtiririka, nikaacha. Jina lilikuwa limekwenda.

Asubuhi wakuu walitoza faini: nguruwe mkubwa na magimbi. Kwetu faini haidaiwi kwa mkosaji, inadaiwa kwa kichwa cha ukoo wake, na sisi kichwa hatukuwa nacho. Mzee Lautua akaliweka hilo mbele ya kikao cha ukoo. Toalima apatikane leo, na leo hiyo hiyo atoe nguruwe. Akamgeukia Iosua, akamsifia elimu, akamuuliza nguruwe wake wako wapi. Iosua akalegeza tai. Alisema amefikiri sana, na kwamba ukoo unamhitaji mtu anayeishi kijijini. Wengine wakaangalia mikeka.

"Mimi ninaye," alisema Penitito, kwa sauti ndogo. "Ningemtoa hata mkininyima jina. Kosa ni langu."

Mzee akamgeukia yeye. "Basi safari hii umalize," akasema. "Nguruwe kwanza. Halafu zile breki, kwa brashi na grisi yake, na mimi nitakaa nikuangalie."

Alikaa kweli, mpaka gurudumu la mwisho. Jioni, kava, kinywaji cha kumsimika mwenye jina, ikishanywewa, nilimpelekea shemeji sahani yake, nikamwita, "Toalima." Akageuka upesi kuangalia mlangoni, akimtafuta mjomba wake.