Pua ya Fundi na Giaboksi ya Mtumba

Aliyekaa akae vizuri, aliyesimama asinizibie mwanga. Nawaambia habari za mwanangu, fundi magari ambaye mtaa mzima unamwita Pua. Nilipomzaa pua ilitangulia. Mwenyewe alifuata baada ya mkunga kumaliza chai yake. Asiyeamini akamuulize mkunga, keshakufa.

Pua ile ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mtu akitaka giaboksi ya otomatiki iliyotolewa kwenye gari jingine, haibebi mpaka Pua aje. Muuza spea anamimina oili kidogo kwenye kifuniko, Pua anainama, ananusa, anasema "beba" au "rudisha". Giaboksi iliyoungua ndani, oili yake inanuka kama maharage yaliyosahauliwa jikoni. Mafundi wengine hufungua sampo, lile bakuli la chini, wakaangalia sumaku zilizomo kama zimeota ndevu za chuma kilichosagika. Mbele ya Pua hakuna aliyefungua, ingekuwa kumtukana. Wanasema akipita barabarani, magari mabovu yanajizima yasije yakanuswa. Wanasema, na aliyeanza kusema ni mimi.

Basi yakamshika mafua mazito, yakamlaza. Akapona. Siku moja yuko jikoni kwake anakaza mpini wa kisu, maharage yanaungua karibu na goti lake, moshi umenifuata mimi mpaka uani. Naingia, namkuta ametulia kama maji mtungini.

"Wewe, unachoma nyumba?"

Akatazama sufuria, kisha akanitazama mimi. "Mama, usimwambie mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu mafua. Petroli, sabuni, yote hewa tu."

Nilicheka kwanza, maana mdomo wangu haukulelewa. Halafu nikamkumbuka mkewe, kicheko kikanikauka.

Mkwe wangu figo zake zimechoka. Lazima apelekwe hospitali iliyo juu ya kilima, akasafishwe damu kwa mashine, na zamu yake ni alfajiri, magari ya abiria hayajaamka. Alikuwa akipelekwa na mumewe kwa gari lao kuukuu, ambalo nililiita Mke Mwenza kwa jinsi lilivyodeka. Sasa giaboksi ya Mke Mwenza ilikuwa imekufa. Jirani alimpeleka mgonjwa kwa pikipiki. Wakati wa kurudi mgonjwa akazimia, nusura aanguke.

Kwa hiyo tukaenda yadi ya spea, mimi nyuma yake kama mkia.

"Mama naye kaja kupimwa?" muuza spea akauliza.

"Nimekuja kutafuta mume," nikamwambia, "lakini naona hapa kila kitu kimechakaa."

Vijana wa yadi wakaangua kicheko. Pua akapiga magoti. Akalinganisha namba ya ubavuni na ya giaboksi yetu, zikalingana. Akazungusha shafti kwa mkono, haikukwaruza. Akapapasa ganda lote kama mkunga, hakuna ufa. Soketi za nyaya nzima. Yote hayo aliyafanya vizuri, sitamnyima haki yake. Kisha oili ikamiminwa, nyekundu kama damu ya kuku. Pua akainama, akavuta hewa.

Nikainama na mimi. Juu oili mpya, chini yake maharage.

"Wameiosha," nikamnong'oneza. "Fungua sampo."

"Nikifungua hapa, wote watajua."

"Wajue. Anayepanda hilo gari ni mkeo."

Nikasimama, nikasema kwa sauti kila mtu asikie: "Hii imeungua. Mimi nanusa maharage."

Yadi nzima ikacheka. "Mama ana njaa huyo," muuza spea akasema. "Juzi alituambia jogoo wake anajua kuendesha trekta." Ni kweli niliwaambia. Na mwanangu, akiwa bado amepiga magoti, akacheka pamoja nao.

"Beba," akasema.

Ikafungwa kwenye Mke Mwenza. Gari likaenda, tena kwa ulaini, likampandisha mgonjwa kilimani na kumrudisha, hata mimi nikaanza kuitukana pua yangu mwenyewe. Halafu alfajiri moja, katikati ya mwinuko, injini ikanguruma na gari likabaki pale pale, kama mtu anayepiga kelele za kusaidia kubeba jeneza huku amekaa. Kisha likaanza kurudi nyuma. Pua akavuta breki ya mkono.

"Baba, kuna kitu kinaungua," mkewe akasema, kichwa begani kwangu.

"Wapi?"

"Husikii? Gari zima linanuka."

Pua alishika usukani kwa mikono miwili, gari limesimama. "Sisikii, mke wangu. Tangu nilipougua mafua sijasikia harufu ya kitu chochote."

Ugonjwa wa figo unaharibu pumzi. Mtu mdomo wake unanuka kama choo, na anajua.

"Hata yangu?" akauliza.

"Hata yako."

"Na mimi nilidhani unanivumilia," akasema, akageukia dirishani.

Pua akashuka, akaingia chini ya gari na spana, akafungua sampo pale pale barabarani. Sumaku ilikuwa na ndevu nyingi kuliko marehemu babu yake. Taa za hospitali tulikuwa tunaziona. Tulijaribu kumtembeza mgonjwa, miguu ikakataa; tukamkalisha juu ya tairi la akiba, na lori lililotuchukua lilipotufikisha, zamu yake alikuwa keshapewa mwingine.

Siku hizi mkwe wangu amevimba miguu na uso, zamu anazikosa zaidi ya anazozipata, na daktari ameacha kututania. Mke Mwenza yuko uani, kuku wamemhamia. Ile sumaku mwanangu ameiweka dirishani, hajaifuta. Mkewe akisinzia, huichukua akaisogeza puani, akavuta mpaka mabega yanapanda.

"Vipi?" namuuliza.

"Hewa tu, mama."