Proksi Iliyoachwa Wazi Kakuma

Nilitoka Lodwar asubuhi nikiwa nimenuna. Mwenyekiti wa kituo cha intaneti cha wakimbizi kule Kakuma alikuwa amepiga simu: barua pepe haziendi. Nilipofika, hata ejok yake, salamu ya Kiturkana, niliijibu nusunusu.

Kituo kina mashine iitwayo proksi, ambayo kila mtu pale huipitia kwenda mtandaoni. Mimi, fundi wao, niliiacha ikihudumia kompyuta za kituoni tu. Kutazama kumbukumbu zake, ala! Watu wa nje tusiowajua walikuwa wakipitishia humo barua za utapeli, chungu nzima. Kwa walimwengu, matapeli ni sisi, na sasa kila barua yetu ilikuwa ikikataliwa.

"Nani ameifungulia dunia nzima?"

"Mimi," mwenyekiti akasema, bila hata aibu. "Vijana wa makazi ya jirani ya Kalobeyei waliomba kuitumia wakiwa kwao. Watu wamefukuzwa kila mahali, na mimi pia niwafukuze?"

Nilimeza hasira, nikaketi. Nikaandika amri: proksi isimhudumie mtu wa nje, na hata wa ndani isimpelekee chochote kwenye mlango wa ishirini na tano, ule wa barua. Nikajaribu kupenya kutoka nje, kwa mtandao wa simu yangu, ikanikatalia. Angalau. Kusafisha jina letu ndiko kungechukua siku kadhaa.

Mara akaingia mama mmoja Mkongomani, fundi cherehani, anacheka, kamshika binti yake mkono. Mtoto alikuwa apasuliwe jicho Nairobi. Hospitali ilitaka mama athibitishe kwa barua pepe kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, Ijumaa ilishapita.

"Kaka, bamejibu! Nilituma tu Alhamisi, papo hapo bakajibu. Ni Kiingereza, unisomee siku ya kufika."

Yeye husoma Kifaransa. Nikasoma. Haikuwa hospitali. Ilikuwa mashine yetu wenyewe ya kutuma barua, ikimwambia barua yake imekataliwa.

Nikapiga simu hospitali palepale. Walisikitika: nafasi imeshatolewa, watamwita zamu nyingine. Lini? Hawajui.

Nikamweleza mama polepole, neno kwa neno, nikiona haya kana kwamba namtukana. Hakulia. Mwenyekiti aliinamisha kichwa.

"Jana nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda," mama akasema. "Kanisa nzima ikapiga vigelegele. Mtoto akaimba. Sasa Jumapili nisimame niseme nini?"