Mdhamini wa Pili

Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, na katika nyumba yetu kambini sheria kubwa ilikuwa moja: mtu usiyemjua akikuuliza habari za mtu, wewe humjui huyo mtu. Hata kama anayeuliziwa ni mimi, alisema baba. Hata kama nimekaa hapa nyuma ya mlango nakunywa chai. Nikiwa msichana wa miaka saba niliwahi kusahau. Bwana mmoja mwenye koti alisimama mlangoni akaniuliza kama baba yupo, nami nikamjibu yupo, ameshaoga, anavaa soksi. Yule bwana alikuwa anauza bima tu, maskini. Lakini nilichapwa fimbo ambazo mpaka leo nikiona soksi zimeanikwa kwenye kamba natazama nyuma yangu.

Nayasema haya mapema ili mtu asinihukumu kabla hajajua nilikotoka. Mimi sikuzaliwa na roho mbaya, nilizaliwa kambini.

Tangazo la kazi lilinifikia kwenye simu. Kituo kimoja cha utangazaji hapa Kampala kilitaka msomaji wa habari kwa Kiswahili, mtu mmoja, awe pia anaweza kutafsiri kutoka Kiingereza. Nililisoma mara nne nikitafuta mtego uko wapi. Kampala nani anataka habari kwa Kiswahili? Wapo wazee mjini ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanaweka mikono mahali inapoonekana, kwa sababu zamani waliokisema walikuwa na bunduki. Sisi watoto wa kambi ndio tuliokinyonya na maziwa. Baba ana kabila lake la kaskazini, mama alikuwa na lake, na Kiswahili ndicho kilichowaoza.

Rafiki niliyesoma naye chuo alinicheka. "Hiyo kazi ina mwenyewe," akasema. "Wametangaza kutimiza sheria tu." Nilimwamini kabisa, na bado nikaenda kuchukua fomu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, cheti changu cha uandishi wa habari kikiliwa na mende ndani ya sanduku, nami ni karani kwenye karakana ya milango ya chuma huko Katwe. Mchana kutwa nilipigana na mashine za kukata chuma ili mteja asikie neno langu moja. Nilichoka kupiga kelele. Niliitaka ile kazi vibaya sana, nilitaka kukaa kwenye chumba kimya, niseme kwa sauti yangu, watu wanyamaze wanisikilize.

Naishi Kamwokya, kwenye mizigo, zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopangwa mstari. Mlango unaofuata wangu anaishi mama mmoja Mkongo kutoka Bukavu, ambaye anatwanga majani ya muhogo, sombe, na kuyauza sokoni. Kwao alikuwa akisoma matangazo parokiani kila Jumapili. Alinisikia kupitia ukutani nikijifunza kusoma habari, akagonga.

"Mwanangu," akasema, "nani amekukosea?"

"Hakuna, mama. Nasoma taarifa ya habari."

"Aa. Nilidhani unagombana na mtu."

Akanitoa nje, akaketi kwenye kigoda na kinu chake mbele ya mlango, akaniambia nisome yeye akitwanga. Nikasimama wima, kifua mbele, visigino pamoja, nikasoma: waziri wa maji amefungua bomba jipya. Mchi ukasimama hewani.

"Huyo waziri amefungua bomba," akauliza, "ao ameliamuru bomba lijisalimishe?"

Majirani walicheka mpaka nikataka kurudi ndani. Lakini alikuwa na haki. Kiswahili chetu sisi ni cha gwaride: simama, geuka, leta, ndiyo afande. Sikuwahi kusikia mtu akikitumia kunong'ona. "Usiniamuru," akasema yule mama. "Nisimulie. Mimi niko jikoni, mikono ina kazi, masikio tu ndiyo yamebaki. Niambie kama umetoka sokoni na umenikuta hapa." Na hiyo ikawa shule yetu. Kila jioni nikitoka Katwe nilisoma, naye akatwanga. Nikirudia gwaride, mchi unasimama. Nikisoma kitu bila kukielewa mwenyewe, mchi unasimama. Jioni za kwanza ule mchi ulipumzika zaidi kuliko kufanya kazi.

Baada ya hapo tulijizoeza mtihani wa akili, ambao kituo kingewapa waombaji wote. Nilikuwa nimenunua kijitabu cha maswali kwenye duka moja la fotokopi, yale maswali ya namba ipi inafuata na nani amekaa kushoto kwa nani, yeye akishika simu yangu na kunihesabia dakika. Jibu la swali la kumi na nne mle kijitabuni lilikuwa kosa. Nilikokotoa mara tatu, kosa. Mtu mwingine angesema ni kosa la uchapaji. Mimi nilishinda siku mbili nikijiuliza ni mwombaji gani aliyelipeleka lile jibu pale dukani ili tupotee.

Sasa na huyu mama je? Alitaka nini kwangu? Hilo ndilo lililoninyima raha. Alinichemshia tangawizi kwa ajili ya sauti, nami nilingoja ainywe yeye kwanza ndipo ninywe. Mjini hapa mtu hakupi hata njia bila sababu. Tena Kiswahili chake kilikuwa kizuri, Mungu wangu, kizuri cha kukutia wivu. Akisoma yeye ile habari ya bomba, unasikia maji.

Fomu ilitaka wadhamini wawili, watu wasio ndugu, watakaopigiwa simu kueleza wanakufahamu vipi. Wa kwanza nilimweka mwalimu wangu wa zamani wa shule kule Mengo. Wa pili nilimwomba yule mama, kwa kuwa ndiye aliyenisikia nikisema Kiswahili kila siku. "Mimi?" akasema. "Mimi mkimbizi, nikusemee wewe mwenye nchi?" Nikamwambia ndiyo, wewe. Akanitajia namba yake polepole, akanirudisha nyuma, akanitajia tena. Kisha akaniuliza mwisho wa kupeleka fomu ni lini. Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu akauliza kama anaweza kuiona ile fomu, nikampa, akaishika tu, eti Kiingereza hasomi.

Masikio yangu yakasimama. Mtu asiyeomba kazi, tarehe ya mwisho ni yake ya nini?

Ijumaa nikamwona. Alikuwa anatoka kwa mwenyekiti wa mtaa, mahali tunapokwenda wote kugongewa muhuri barua za kuombea kazi, na mkononi ana bahasha ya kaki. Aliponiona aliiingiza haraka ndani ya kitenge chake. Akanisalimia, akacheka, akapita. Bahasha ya kaki! Kampala hii bahasha ya kaki haina safari nyingine, ni ya kuombea kazi tu. Nilisimama pale njiani nikihisi uso unawaka. Kumbe ndiyo maana. Kumbe kila jioni nilikuwa namfundisha mtihani yeye, maswali yangu, kijitabu changu, mpaka dakika anajihesabia mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu nilikiona kwa macho kikiingia kwenye kitenge.

Usiku ule nilichukua ile rangi nyeupe ya kufutia nikafuta jina lake na namba yake. Juu yake nikaandika jina la baba. Kwetu mtoto si lazima abebe jina la baba yake, kwa hiyo hakuna ambaye angejua. Nikaandika: afisa wa polisi mstaafu, ananifahamu tangu utotoni. Nilijiona hodari sana. Na baba sikumwambia kitu. Ningemwambia, angewasimulia wastaafu wenzake kwenye chungu cha pombe, na mmoja wao ana binti anayejua Kiswahili pia. Nilifunga kila tundu.

Tuliendelea na shule, kwa sababu ningeacha ghafla angejua nimejua. Ila nilianza kusoma vibaya kwa makusudi, asione nimefika wapi. Mchi ulisimama, ukasimama, ukasimama. "Mwanangu, unaumwa?" akaniuliza. "Wiki iliyopita ulikuwa umeshafika." Nami moyoni nikasema, unaona anavyopima?

Siku ya mtihani nilimtafuta kwenye foleni tangu getini. Tulikuwa watu kama arobaini na yeye hayupo. Nikasema atakuja na kundi la mchana. Maswali ya akili niliyaweza, na lile la kumi na nne lilikuwepo karibu vilevile, nikalipata. Kutafsiri nikakuweza. Kisha wakaniingiza studioni, wakanivika vipokea sauti masikioni, wakaniletea glasi ya maji ambayo sikuigusa. Dirishani mtu akanyanyua kidole. Nilisoma nikiwafikiria wale wote nje waliotaka kuniibia kile kiti, na nilijisikia kwa masikio yangu mwenyewe: gwaride. Katikati nikajirudi, nikamkumbuka mtu wa jikoni, nikamaliza vizuri. Jopo la watu watatu liliandika. Mmoja aliniambia, "Mwisho ulikuwa mzuri." Nilitoka nikitafakari alimaanisha nini kwa kunyamaza kuhusu mwanzo.

Siku tisa baadaye wakanipigia nikiwa karakanani, nikakimbilia choo cha jirani ili nisikie. Mwanamke mwenye sauti ya upole akaniambia nilikuwa nimelingana na mwombaji mwingine, alama kwa alama, kwa hiyo wadhamini ndio walioamua. Mwalimu wangu alinisifu sana. "Lakini yule wa pili, afisa uliyesema anakufahamu tangu utotoni, alituambia hakufahamu kabisa. Samahani sana. Tumemchukua mwenzako."

Nilimpigia baba pale pale.

"Baba, kuna mtu alikupigia simu kuniulizia?"

"Juzi," akasema baba, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Mwanamke, Kiingereza kingi. Akataka kujua kama nakufahamu. Nikamwambia simjui mtu huyo wala sijawahi kumsikia, nikamuuliza nani kamtuma. Akakata. Usiwe na wasiwasi, binti yangu. Kwangu hawakupata kitu."

Nilimwambia asante, baba. Kisha nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikalia kwa hasira, na ukiniuliza hasira juu ya nani, nilikuwa nahesabu watu, na kila mara nafika kwangu.

Nyumbani nilimkuta yule mama mlangoni pake na kinu. Simu yake ndogo ilikuwa juu ya kigoda cha pili, imetandikiwa kitambaa safi kama mgeni.

"Bado hawajapiga," akaniambia kabla sijamsalimia. "Kila asubuhi naichaji kwa fundi wa viatu. Jumapili niliiacha inawaka kanisani, padri akanitazama vibaya. Ao namba nilikupa mbaya?"

Nilitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri kabisa, kwamba walibadilisha utaratibu. Lakini ile simu juu ya kitambaa ilinishinda. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: bahasha niliyoiona, jina lake nililolifuta, baba, kazi iliyokwenda. Nikamwambia nilidhani anataka kuniibia.

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki.

"Nilienda kwa mwenyekiti," akasema. "Nilijiwazia, wakipiga wakaniuliza, wewe mkimbizi ni nani wa kumsemea mtu, niwe na karatasi. Mara mbili alinirudisha, mara ya tatu akaandika. Nilificha kwa sababu ungenicheka. Kaandika Kiingereza, mimi sijui kasema nini mpaka leo. Nilisema utanisomea siku umepata kazi."

Akaketi, akanipa mgongo, akaanza kutwanga.

"Basi soma," akasema.

Nikafungua. Ilikuwa mistari michache, na muhuri umeegemea upande. Nikaanza kuitafsiri taratibu kadiri nilivyokuwa naisoma, sauti haitoki zaidi ya pale alipokaa. Kwa yeyote anayehusika. Mama huyu ni mkazi wa mtaa wangu na ni mtu mwaminifu. Amekuja kwangu mara tatu kwa ajili ya jirani yake anayetafuta kazi ya redio. Anasema hana mtoto aliye hai, na anamhesabu jirani huyo kuwa mtoto wake. Atakalosema juu yake, naomba mlipokee.

Nilisoma mpaka kwenye muhuri, na mchi haukusimama hata mara moja.