Likizo Tuliyombadilisha Kushoto kwa Glavu

Sikufichi, rafiki yangu: mechi za besiboli za huko Marekani karibu sizioni kabisa. Zinachezwa sisi tukiwa tumelala, na mimi ni mshonaji, sina usingizi wa kupoteza. Ninachofuata ni usajili, ile miezi ya baridi yao ambapo hakuna mpira unaorushwa na timu zimebaki kununua, kuuza na kubadilishana watu. Simu naiegemeza kwenye cherehani hapa dukani, mtaani Rwezamenyo, jicho moja kwenye pindo, jingine kwenye habari. Na maoni ninayo, mengi kuliko wateja.

Timu inayompa mpigaji aliyekwisha kuzeeka mkataba wa miaka mingi, mimi naona inanunua sifa za jana. Mrushaji hodari peke yake si timu, kwa sababu bega likimuuma mmebaki na jina tu. Wa kwanza kutafutwa ni mdakaji. Watu humdharau kwa kuwa muda wote amechuchumaa, kumbe ndiye pekee anayewatazama wenzake wote usoni. Haya nimeyasema miaka mingi na hakuna timu iliyonipigia simu.

Juzi nikasoma kwamba timu moja imemtoa kijana waliyemlea wenyewe tangu utotoni, wakapewa warushaji wawili. Wachambuzi wote wakasifu: biashara nzuri, wote wamefaidika. Mimi nikatupa mkasi mezani. Mama mmoja aliyekuwa akingoja gauni lake akashtuka.

"Iko muntu amekufa?"

Nikamwambia hapana, kuna mtu amebadilishwa.

"Aa! None, sasa, si bado muzima?"

Nikauchukua tena mkasi. Ningeanzia wapi? Ningelazimika kumweleza kwamba na mimi niliwahi kumbadilisha mtu, nikiwa na miaka kumi na miwili, tena ilikuwa biashara nzuri.

Besiboli ilifika shuleni kwetu ndani ya begi la mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo. Alikuja na magongo mawili, mipira michache na glavu ambazo hazikututosha. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu na umeinama upande mmoja, hivyo mpira uliopigwa vizuri ulishuka wenyewe mpaka kwenye mfereji, na nusu ya mchezo ilikuwa kuufuata. Jioni tulirudi nyumbani wekundu hadi kwenye kope. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa akitusimamisha mlangoni na kutupiga viatu kwa ufagio kabla hatujaingia, akilalamika kwamba tumemletea uwanja mzima dukani.

Duka hili lilikuwa lake. Aliuza vitambaa na kushona. Mipira yetu ikifumuka, yeye ndiye aliyeishona upya kwa sindano ya magunia na uzi mwekundu, miwani puani, huku chai ya tangawizi ikipoa pembeni. Mashati ya timu aliyashona kutokana na mabaki ya kitambaa cha rangi ya machungwa ambacho hakuna mtu aliyekitaka. Alipomaliza alituambia tusimshukuru, maana kitambaa kile kingemfia dukani.

Kama hukukulia mitaa hii, huenda hujui maana ya kununua kitu kwa bibi wa namna ile. Hakuna aliyetaja bei na kulipwa. Mteja akija kutafuta kifungo, kifungo kimoja, walibishana, wakaulizana habari za watoto, wakabishana tena, mteja akajifanya anaondoka, bibi akajifanya hamwoni, kisha wakacheka na kukubaliana. Mzungu mmoja aliwahi kuingia akalipa bei ya kwanza akatoka. Bibi alisononeka mchana kutwa, ungedhani ametukanwa. "Asiyebishana," alikuwa akisema, "ana haraka ya kuachana nawe."

Rafiki yangu, msichana wa rika langu, tulimwita Kushoto, kwa sababu alirusha na kupiga kwa mkono huo. Familia yao ilikuwa ya Wanyarwanda waliorudi kutoka Burundi, na walipanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Mama yake aliuza ndagala kavu, na harufu ya samaki ilimfuata mtoto mpaka darasani. Mwaka wa kwanza watoto walimcheka Kiswahili chake, wakamcheka na harufu. Alikuwa amehama mara nyingi kiasi kwamba hakujishughulisha kujua majina ya watu. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi alimpa ufagio. Kila baada ya shule tulifagia pamoja nyuzi na vipande vya nguo, tukateka maji kwa jerikani, kisha tukala chapati na maharage kwenye sinia moja. Kwao walikuwa Wakatoliki, sisi Waislamu, na hakuna aliyemlazimisha kitu, lakini mezani kwetu alikula kwa mkono wa kulia, polepole, maharage yakimdondoka, kwa heshima ya bibi. Bibi akawa anamwita mtoto wangu mwingine.

Uwanjani ndiko alikopata maneno. Siku alipopewa shati la machungwa alilala nalo, mama yake akaja asubuhi kutushitakia. Mimi nilikuwa nahodha, na kwake sikuwa na jina jingine: Kapiteni hivi, Kapiteni vile.

Likizo ndefu ilipofika yule mwalimu alisafiri kwao. Kabla ya kuondoka alitusimulia kwamba huko, mchezo ukilala, timu hubadilishana watu, na mchezaji hapaswi kuhuzunika kwa sababu ni kazi tu. Hayo ndiyo tuliyoyashika kuliko yote aliyotufundisha. Wiki haikuisha, sisi wa Rwezamenyo na watoto wa Gitega, waliokuwa na timu yao, tukawa na usajili wetu. Mwanzo ilikuwa mchezo. Kijana mmoja tulimpeleka Gitega kwa mpira mmoja, naye akafurahi kwa kuwa shangazi yake wa huko alikaanga sambusa. Pacha mmoja alikuja kwetu akalia siku nzima, tukamrudisha. Mimi nilitembea mtaani mikono nyuma kama mzee wa mtaa, nikitoa maoni juu ya mabega ya watu.

Shida yetu ilikuwa mdakaji. Glavu yake ilikuwa imepasuka, na kila mpira ulimwachia kiganja kimevimba. Wagitega walikuwa na glavu ya kudakia, nene, nzito, inayonuka ngozi mpya. Asubuhi moja nahodha wao akaja nayo mpaka hapa kwenye ngazi za duka, akaiweka magotini mwangu.

"Tunataka yule wa kushoto, sha. Hii glavu iko yenu, ya kabisa."

"Sawa," nikasema.

Nilisema kabla hata hajafunga mdomo. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya glavu.

Nilimwambia Kushoto mchana ule, pale kwenye bomba la maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nimeyakariri maneno ya mwalimu kwamba ni kazi tu. Hakulia. Aliuliza tu, "Jumamosi nivae shati gani?" Nikamwambia la Gitega. Jioni alilileta lile la machungwa, limefuliwa na kukunjwa, akaliweka juu ya kaunta bila kuingia ndani.

Kesho yake chapati zilibaki kwenye sinia. Bibi akauliza, "Mtoto wangu mwingine yuko wapi?" Nikamweleza kwamba sasa anachezea Gitega, nikamwonyesha tulichopata. Aliigeuza ile glavu, akaukagua mshono kwa kidole, akasema ni ngozi nzuri. Kisha akafunika chakula. Afadhali angenipiga.

Jumamosi tukacheza. Mchezo ulikuwa wa mwisho mwisho, wao wakiwa nyuma kwa pointi moja, na aliyekuja kupiga alikuwa Kushoto, ndani ya shati la Gitega lililomfika magotini. Alipiga vibaya. Mpira ukapanda juu wima, ukashuka, na mdakaji wetu akaupokea kwa ile glavu kabla haujagusa chini; tukawa tumeshinda. Tukaruka, tukaimba, tukabebana mpaka nyumbani. Laiti wachambuzi wa leo wangekuwepo, wangeandika kwamba nahodha wa Rwezamenyo ana jicho.

Kabla shule haijafunguliwa mama yake Kushoto alipata mahali sokoni Kabuga, wakahama. Nilisikia gari la mizigo likinguruma nyuma ya nyumba, na nilijua ni la nani. Sikutoka. Majuto ni mjukuu, na wangu alikua haraka: ndani ya mwezi ule nilikuwa nikifagia peke yangu, na bibi hakumwita mtu mwingine yeyote mtoto wake.

Basi, wiki moja baada ya ile habari ya warushaji wawili, nilipeleka sare za shule kwa mteja wangu Kabuga. Nilipomaliza nikapita sokoni. Kwenye kibanda cha vyombo vya plastiki mwanamke mmoja mnene, kitambaa kichwani, alikuwa akipanga ndoo. Alinitazama, akaendelea kupanga, akanitazama tena.

"Kapiteni!"

Ni Kushoto tu aliyewahi kuniita hivyo. Alinivuta ndani, akanipa kigoda, akamtuma jirani alete chai. Akauliza kama bado niko Rwezamenyo, kama bado nashona. Aliniambia ana watoto watatu na wa mwisho ni wa kushoto kama yeye. Mama yake alikwishafariki. Nikamwambia bibi naye. Chai ikaletwa, kila mmoja akapokea yake.

Nilikuwa nimeibeba ile sentensi miaka mingi, ikatoka vibaya. "Kushoto, ile mambo ya glavu... unisamehe. Tulikuwa batoto."

Alicheka, kicheko cha kawaida tu, akaipangusa ndoo iliyokuwa safi.

"Kubadilishwa haikuniuma, weye. Mwalimu alisema hata bakubwa banabadilishwa. Lakini ile asubuhi ya glavu miye nilikuwa nyuma ya pazia, na ufagio. Nilisikia yote. Nikasema: sasa Kapiteni atakataa. Ataomba baongeze mupira, ataomba gongo, atajifanya anaondoka. Bibi yako alibishana na bantu juu ya kifungo! Miye nilingoja oya moja tu, hapana moja, hata ya uongo, kisha unipe. Ukasema sawa."

Nilitazama chai yangu. Miaka yote nilidhani kosa langu lilikuwa kumtoa. Nimewatukana mameneja wa Marekani kwa sababu hiyo, nimekosa usingizi kwa sababu hiyo, na kumbe sikujua hata nililotenda. Angekubali kwenda Gitega. Alichotaka ni kusikia, kutoka kinywani mwangu, kwamba hapatikani kirahisi.

Nikahamia habari za nyumbani. Uwanja haupo tena, pamesimama jengo la ghorofa lenye duka la simu chini, na mfereji umefunikwa kwa zege. Timu ilikufa taratibu. Yule mwalimu hakurudi, mipira ikaisha, na mikono ya kuishona ikaisha. Watoto wa sasa ukiwaambia besiboli wanafikiri ni kofia. Hata dukani siku hizi mteja anauliza bei, anaituma kwa simu, anaondoka bila kuniambia mtoto wake anaendeleaje. Kila kitu kinakwenda haraka na salama, na mimi pia nimezoea, hilo ndilo linaloniuma. Kushoto alisikiliza yote akitikisa kichwa. Aliuliza tu kama lile pazia la mlangoni lilikuwa bado la maua ya kijani. Nikamwambia liliisha zamani.

Basi la kurudi lilikuwa karibu kuondoka. Nikasimama, na kwa kuwa si adabu kutoka kwenye kibanda cha mtu mikono mitupu, nikashika beseni moja la bluu, nikamuuliza bei. Akaitaja. Nikafungua pochi, nikatoa noti, nikamnyooshea.

Hakuzipokea. Aliutazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi, na sura yake ilikuwa ile ya kwenye bomba la maji.

"Hata leo, Kapiteni?"

Sijui nilisimama pale muda gani. Konda alikuwa akiita watu wa mjini, na abiria wenzangu walikuwa wakipanda. Nikarudisha noti kwenye pochi. Nikarudi kwenye kigoda, nikaketi, nikaliweka lile beseni magotini, nikaligonga chini, nikalitazama juani kutafuta ufa ambao haukuwepo.

"Mbega, jamani!" nikashangaa kwa sauti, kama wateja wa bibi. "Beseni hili? Kwa bei hiyo? Nenda huko, punguza."

Kushoto akaweka mikono kiunoni. "Oya," akasema, machozi yakimtoka. "Sipunguzi."

Basi likaondoka.