Bakuli la Sukari na Chisense Zilizolowa

Ilianza Alhamisi, saa nane na dakika kumi ya mchana. Najua hata dakika kwa sababu kidole changu kilikuwa juu ya kompyuta, nikingoja baba amalize kusalimia wateja ili nianzishe kipindi. Hapo ndipo sauti yake ilipoisha.

Ilikuwa inachoka tangu mwezi uliopita. Baba ndiye anayesemea filamu katika nyumba ya video hapa Kashikishi, kando ya ziwa: picha inaongea Kiingereza, yeye anashika mikro na kuongea Kiswahili chetu cha ng'ambo ya ziwa, tulikotoka, na Kibemba kidogo kwa wenyeji. Munganga wa hospitali ya Kafutuma alimwambia anyamaze wiki tatu. Baba alicheka, akakunywa tangawizi, akaendelea. Mwenye nyumba ya video hakucheka. Alimwambia mbele yangu: "Papa, miye nakuheshimu. Lakini sauti ikikufa tena, nitaita ule mutu wa Mwansabombwe." Mutu huyo anapiga makelele hata pale ambapo watu kwenye picha wanakunywa chai tu. Baba hana kazi nyingine, na hii anaipenda.

Kazi yangu mimi ni ya nyuma. Ninaangalia kipindi kabla yake, ninamwandikia kwenye daftari nani ni nani na nani anamchukia nani, juu Kiingereza changu ni cha shule na chake ni cha kuokota sokoni. Ninaipenda kwa sababu hakuna mutu ananiangalia. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalijua na mdomo haufunguki.

Wateja wa mchana ni wamama wa chisense. Wakishaanika hao samaki wadogo ufukweni, wanakuja kukaa kivulini mpaka saa ya kuwageuza. Filamu za bunduki hawazitaki. Wanataka vile vipindi vya zamani vya televisheni ya Waingereza, vyeusi na vyeupe, ambavyo mwenye nyumba alivikuta kwenye flash moja pamoja na sinema za zamani zaidi. Wazungu wanagombania urithi ndani ya nyumba moja, kila mutu ana adabu, na mmoja wao ni muuaji.

"Kama familia ya bwana wangu," mama mmoja husema kila mara, na wenzake hucheka kila mara.

Nimeangalia hizo sinema na hivyo vipindi mpaka macho yakauma, na ninaamini wa televisheni walikuwa wanafunzi wa wale wa sinema. Katika sinema, mutu anaficha sumu ndani ya mkebe na kutoka, lakini kamera haimfuati. Inabaki inauangalia mkebe. Sasa siye tunajua, wenye nyumba hawajui, na kila anayepita karibu tunataka kumwambia asiuguse. Sinema ilikuwa na treni, milima, mji muzima wa kukimbizana. Televisheni ilikuwa na chumba kimoja na ngazi, na mlango ukifungwa kwa nguvu ukuta wote unatikisika. Treni hawakuweza kuichukua. Wakachukua kule kungoja. Wakachukua na kivuli kinachopanda ngazi kabla ya mwenyewe, na kamera wakaisogeza karibu kabisa na uso, nadhani kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Ni kama mutu aliyekula kwa tajiri, akarudi kwake kupika chakula kile kile kwa sufuria moja. Kuna siku hicho cha sufuria moja kinanishika zaidi.

Lakini baba ana desturi yake, na wamama wameizoea: anaanza kwa kusema mwisho. "Bamama, muuaji ni ule dada mudogo. Bon, tuangalie." Mgeni hushangaa. Mama wa chisense hashangai. Upepo ukigeuka, mvua iko karibu, lazima atoke mbio akusanye samaki wake, na aliyeambiwa mwisho anatoka roho ikiwa imetulia. Mimi sikuipenda desturi hiyo hata siku moja. Niliona tunamwaga supu kabla ya kula.

Basi Alhamisi hiyo baba alisalimia, akafungua mdomo aseme mwisho, na hakukuwa na kitu. Akaniwekea mikro mkononi. Midomo yake ilisema "mama", vile anavyoniita, bila sauti.

"Anaongea ao analala?" mutu aliuliza.

"Mayo, mama yangu, muachie, ni mutoto."

"Mutoto gani? Mi kwa miaka yake nilikuwa na mimba!"

Walicheka. Mama mwenye kitenge cha manjano, aliyekaa karibu na mlango, hakucheka. "Nani anakufa? Tuambie mbele."

Nilianzisha kipindi bila kumjibu. Hapa nisilidanganye daftari langu: sikuacha kumjibu kwa haya peke yake. Nilitaka wangoje, hata mara moja.

Nilisema polepole, kwa sauti ya chini, juu sikuwa na nyingine. "Ule mujomba ametia kitu ndani ya sukari. Muangalie bakuli." Halafu nikanyamaza, kwa kuwa picha yenyewe ilinyamaza. Bibi muzee anamimina chai. Kijiko kinazunguka. Hakuna aliyecheka tena.

"We mukubwa, weka kikombe chini!" mmoja alipiga kelele.

"Asikunywe, mwebantu!" mwingine akawaita wenzake kwa Kibemba.

Upepo ukagonga mabati. Siku nyingine sauti hiyo inawatoa watu wote nje. Wachache walitoka. Mama wa kitenge cha manjano aliinuka nusu, akanigeukia. "Anakunywa ao hakunywi?"

"Ngoja," nilisema kwenye mikro. Ndilo neno lililotoka kwa nguvu kuliko yote. Akakaa.

Mvua ilishuka kabla bibi hajafikisha kikombe mdomoni. Waliotoka mapema walikuwa wamekusanya chisense zao. Za yule mama wa kitenge zilikuwa mbali, juu ya nyavu kuukuu, nusu kavu, na maji yakazichanganya na mchanga. Chisense ikilowa hivyo inanuka, na wachuuzi wanaipita tu. Alirudi akasimama mlangoni, ameloa, bila kufoka.

"Baba yako angeniambia," alisema.

Jioni mwenye nyumba ya video alikuja kwetu. Hakukaa. "Papa, bamama wamelalamika. Jumamosi ule wa Mwansabombwe anaanza." Baba aliitika kwa kichwa, kwa adabu, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alichukua daftari langu akaandika: *Ulisema muzuri. Lakini wale hawakukaa juu ya viti. Walikaa juu ya chisense yao.* Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, mpaka kuvua viatu kukanishinda.

Asubuhi, badala ya shule, nilichukua beseni nikashuka ufukweni. Yule mama alikuwa amechuchumaa peke yake, anatenga za kulisha kuku na za kutia chunguni. Nikachuchumaa upande wa pili.

"Bibi hakunywa, mama," nikamwambia. "Alibadilisha kikombe chake na cha mujomba. Mujomba ndiye alikufa."

Alinisogezea fungu lenye mchanga mwingi zaidi, nikaanza kuchambua.